Pikipiki Niliyoiuza Asubuhi

Chuoni, kwenye somo la uchumi, tulifundishwa kwamba muuzaji akificha kasoro asiyoijua mnunuzi, soko linaharibika. Mimi, mjinga, nikaona hiyo ni mbinu. Pikipiki yangu ikishapata joto, ukiizima haiwaki mpaka ipoe. Basi nikamwita mnunuzi alfajiri, injini ikiwa baridi. Ikawaka mara moja, akaondoka nayo anacheka.

Mchana huohuo risasi zikalia kijijini kwetu Kingi. Nikakimbia na mama yangu mgongoni. Nani akasimama kutubeba? Yuleyule mnunuzi wangu, juu ya pikipiki ileile!

"Kaka, leta Mama! Ngoja nizime, nimusaidie kupanda."

"Usizime!" nikapiga kelele. "Haitawaka tena!"

Mkono wake ukaganda kwenye ufunguo. Akanitazama. Mama naye akanitazama.

"Kaka, kumbe ulikuwa unajua?"