Kadi Moja, Wazee Wawili

Juzi nilikwenda kuazima kitabu kwenye maktaba ya kituo cha utafiti, Amani. Mbele yangu, kwenye kaunta, alisimama mzee mmoja, bwana shamba, aliyewahi kuandika katika jarida la kituo. Mkononi alishika kadi ya maktaba yenye orodha ya makala zake.

"Shikamoo, mzee," alisema karani.

Mzee hata hakuitikia. "Hapa eti niliwasifu wakoloni kwa kutulimisha matuta kwa nguvu! Mimi niliandika habari za maharage tu. Kamati ya chama ikiiona hii, nimekwisha."

"Jina si lako?"

"La babu yangu! Na huyo aliyeandika ya matuta naye kapewa la babu yake, hilohilo. Usambaani ndivyo tunavyoitana."

Karani aliichana kadi. Akaandika mbili mpya, kila mwandishi na namba yake, na kwenye kadi ya kila makala akaandika namba ya mwenyewe.

"Wa matuta namba ngapi?"

"Moja."

"Mimi mbili. Kwa wino." Mzee akashusha pumzi. "Marahaba, mwanangu."

Sisi waandishi tunapenda sana majina yetu yaonekane. Zamu yangu ilipofika, kitabu nilikuwa nimekisahau.

"Ndugu karani," nilinong'ona, "mimi pia nina jina la babu."