Ng'ombe ya Mahari Iliyovimba Njia ya Malaba

Hapana, haikuwa mimba. Najua mtaniuliza, basi najibu mapema. Ilikuwa hewa. Tulikuwa tunapeleka ng'ombe ya mwisho ya mahari, kwa sababu kijana wangu Wandera alishikwa na mapenzi ya msichana wa Kiteso mpaka ugali ukamshinda. Na baba ya msichana alikuwa amesema ng'ombe ikifika mgonjwa, turudi nayo.

Busibwabo tulitoka asubuhi, mimi na shemeji yangu Ouma, msemaji wetu, yule anaongea kwa pua kama bata amekula pilipili. Busia mjini, Hajji mmoja mwenye duka akatupatia maji ya ng'ombe. Akaniuliza, polepole vile Mahajji wanaongea, "Mama, ni wewe unaolewa?" Nikamwambia akileta ng'ombe mbili nitafikiria.

Adungosi tukalala kwa dada yake Ouma. Kukicha, mvua imetoka kunyesha, Ouma akafungulia ng'ombe ikale majani ya maharagwe, mbichi, yamelowa, na tumbo tupu. Ati ishibe, wakwe waone sisi ni watu. Baadaye huku nyumbani bwana mifugo alinifundisha: nyasi kavu kwanza, mbichi baadaye kidogo. Alisema hewa ng'ombe inatoa ni chakula yangu inapotea. Tangu nimfuate, ng'ombe yangu haibweui sana na maziwa imeongezeka. Lakini siku hiyo nani alijua?

Karibu na Malaba, ubavu wa kushoto wa ng'ombe ulikuwa juu kama ngoma. Askari wa magendo akaugonga. "Mama, humu umeficha kahawa ya Uganda?" Nilicheka, nikaharakisha ng'ombe.

Tukafika. Mzee Emojong, baba ya msichana, sauti kama lori inapanda mlima, akapapasa lile tumbo, akafurahi sana.

"Kumbe mmeniletea na ndama."

Ouma akanikanyaga mguu ninyamaze. Lakini ng'ombe ilikuwa inahema, ulimi nje. Ikifia hapo, Wandera hana bibi. Nikasema ni hewa, leteni kijiti. Tukakifunga mdomoni itafune, tukasimamisha miguu ya mbele juu ya kichuguu, nikakanda ubavu. Ikabweua, ndefu, usoni mwa Mzee, na tumbo likashuka wote wakiona.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee peke yake akajipangusa, akaanza kudai ndama yake, na Ouma naye akaanza kujibu kwa pua. Ndio mama yake Mzee, kikongwe hana jino, akasema kutoka mlangoni:

"Ndama yako imetoka kwa mdomo, umeioga. Peana msichana, tunasikia njaa."