Mkwe Wangu na Breki za Kutetemeka

Gari langu lilikuwa bado linanuka upya lilipoanza kutetemeka. Ukishika breki mteremkoni, usukani unacheza mikononi hadi meno yanagongana. Na si gari la mtumba, msinielewe vibaya. Nililinunua jipya kwa kiinua mgongo changu, baada ya maisha mazima ya kuzalisha watoto wa watu.

Nikalirudisha kwa wakala aliyeniuzia. Kijana wa mapokezi, tai shingoni, meno yote nje, akaniambia, "Mama, magari mapya ndivyo yalivyo. Breki zake kali. Utazoea." Mara ya pili meneja wa huduma alitoka mwenyewe kuniuliza kama nina tabia ya kukanyaga breki kwa nguvu. Wakaliosha gari likang'aa, wakanipa na kalamu ya bure. Huko ndiko kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi nilikuwa mkunga, na mama akiniambia panauma, sikuwahi kumjibu kwamba atazoea.

Mtauliza kwa nini niliteseka hivyo wakati mkuu wa karakana ya wakala huyo ni mkwe wangu, mke wa mwanangu wa kwanza. Alikuwa likizo ya uzazi, na mzazi hasumbuliwi na mambo ya nati.

Huyu mkwe niwaambie habari zake. Mwanangu ni mwoka mikate, mpole wa kupindukia. Baiskeli yake ikipata pancha, hukaa mlangoni akimsubiri mkewe arudi kazini. Mkewe alisomea ufundi katika darasa lililojaa wanaume watupu, akaanza kazi kwa kumwaga oili chafu, akapanda hadi akapewa ofisi yenye dirisha linaloangalia karakana nzima. Majirani humwita Injinia. Wengine husema hivyo kwa utani, lakini mimi huitika kwa niaba yake bila kucheka.

Siku moja aliniomba funguo akanunue nepi. Akarudi, lakini hakuingia ndani. Nilipochungulia nikamkuta kapiga magoti uani, gurudumu la mbele kalitoa, kaegesha saa ya kupimia unyoofu kwenye diski ya breki, na mshale wake unayumba kila anapoizungusha ile diski.

"Mama, nani aliyafungua magurudumu haya?"

"Ni nyinyi wenyewe, nilipopeleka sevisi ya kwanza."

Akasonya. Kisha akanieleza kwa lugha yangu. Nati za gurudumu hukazwa kwa zamu, hii na ya mkabala wake, kwa spana inayopima nguvu. Ukizikaza harakaharaka kwa mashine ya upepo, moja inabana kuliko mwenzake, diski inakaa upande, na kadiri unavyoendesha inazidi kulika vibaya. "Gari hili halikuzaliwa na ugonjwa," akasema. "Sisi ndio tumeliambukiza."

Likizo ilipokwisha nilimfuata kazini, nikakaa kwenye makochi ya wateja kama mtu baki. Alipitia karakana kwanza, akaikuta ile spana imelala kwenye sanduku lake na vumbi juu, maana meneja alitaka magari yatoke upesi. Akaingia ofisini kwa meneja. Mlango haukufungwa vizuri, na sisi wa kwenye makochi tukasikia yote.

"Kila gari tulilolifungua magurudumu wakati sipo lirudi tulipime. Bure."

"Unamtetea mama mkwe wako."

"Mama mkwe wangu ana gari moja tu."

"Sikiliza. Ukitamka hayo mbele ya wateja, hicho cheo hesabu huna."

Mikate ya mwanangu inatulisha, lakini kodi ya nyumba hulipwa na cheo hicho. Nilitaka niinuke nimwambie, mwanangu, nyamaza, nitazoea. Nikakumbuka mficha uchi hazai, nikakaa.

Akatoka na ovaroli yake, akasimama katikati yetu.

"Wazee wangu, dada zangu, samahanini. Kama gari lako linatetemeka ukishika breki na uliambiwa ni kawaida, si kawaida. Nati tulizikaza vibaya. Mimi sikuwepo, lakini karakana ni yangu, kwa hiyo kosa ni langu. Tutayapima yote, na diski zilizoharibika tutabadilisha bila malipo."

Meneja kasimama mlangoni, uso umemvimba. Bwana mmoja mnene aliyekuwa akigombana na mapokezi tangu asubuhi akainuka, nikajua sasa anatukanwa mtoto wa watu. Bwana yule akamwekea funguo kiganjani.

"Mke wangu kila siku ananiambia sijui kuendesha. Twende nyumbani ukamwambie hayo uliyosema hapa."

Watu wakaangua kicheko, na funguo zikaanza kutoka mifukoni. Meneja aliutazama mstari wa wateja, akamtazama mkwe wangu, akanywea. "Haya, yapangeni kwa zamu," akasema, utadhani wazo ni lake. Habari ya cheo haikutajwa tena.

Nami nikanyoosha funguo zangu. Akanirudishia.

"Mama, wewe wa mwisho. Ukitangulia watasema nilisema haya kwa ajili yako."

"Mwisho ndio lini?"

"Wiki ijayo. Breki zinashika, nimezijaribu. Nenda taratibu tu."

Mwingine angenuna. Mimi niliingia garini nikaondoka, na kila nikigusa breki mwili mzima unatikisika, nami nacheka peke yangu. Kwenye taa nyekundu dereva wa pembeni akanikodolea macho. Nikashusha kioo.

"Linatetemeka!" nikampigia kelele. "Nasubiri zamu yangu! Mkuu wa karakana ni mkwe wangu!"