Mabehewa Yaliyoshikana

Baba alikuwa fundi wa mabehewa ya abiria stesheni ya Arusha, na kulikuwa na mabehewa mawili aliyoyapenda kiasi kwamba mama aliyaita wake wenzake. Hayakuunganishwa kama mengine. Mwisho wa hili na mwanzo wa lile vilikaa juu ya seti moja ya magurudumu, hivyo pale ambapo mabehewa mawili ya kawaida huhitaji seti nne, haya yalitembelea tatu. Baba alisema waliobuni mtindo huo zamani walitaka kupunguza uzito, na abiria wakapata nafuu ya kutorushwarushwa. Kwenye reli yetu sijawahi kuona mengine ya namna ile.

Nilipokuwa mdogo tuliyapanda kwenda Moshi kwa bibi. Pale yalipokutana kulikuwa na bamba la chuma sakafuni, na treni ikikata kona lile bamba liligeuka taratibu chini ya viatu vyangu. Nilipenda kusimama hapo. Mama alinifokea kwa Kichaga nirudi kukaa. Mama ameshatangulia, na ningetoa chochote nifokewe vile tena, mara moja tu.

Baadaye treni za abiria zilisimama. Miaka ikapita, nyasi zikaota katikati ya reli, na mabehewa yetu yakasukumwa hadi kando ya uzio. Baba alistaafu, lakini kila Jumamosi alitoka nyumbani Daraja Mbili kwa miguu na kopo lake la grisi kwenda kupaka pale yaliposhikana. Nilimwambia anapaka maiti mafuta. Hakucheka, na Jumamosi iliyofuata nikamsindikiza.

Treni iliporudi miaka michache iliyopita, ilirudi na mabehewa mengine. Yale mawili tukaambiwa ni chuma chakavu. Ndipo akajitokeza mfanyabiashara mmoja wa mjini, Mhindi ambaye duka la familia yake la vifaa vya ujenzi lipo tangu enzi za babu yake. Alitaka behewa moja aliweke kwenye kiwanja chake kule Themi, alifanye mgahawa, kwa viti vilevile na madirisha yaleyale. Nilifurahi hadi chakula kikanishinda. Angalau moja lingepona.

"Shikamoo mzee," alimwambia baba tulipokutana pale stesheni. "Nimeambiwa wewe ndiye unayeyajua haya. Naweza kulitenganisha hili moja?"

"Marahaba. Haiwezekani, mwanangu," baba alisema. "Ukilitoa moja, la pili linaanguka, na hilo lako nalo linapinda. Chukua yote mawili."

Nilijua si kweli. Enzi za kazi yake aliyatenganisha mwenyewe kwa jeki, tena zaidi ya mara moja, na alitusimulia mezani mpaka tukachoka. Nilimkazia macho. Yeye akageukia Mlima Meru, ambao siku hiyo hata haukuonekana kwa mawingu. Nikanyamaza, maana kumuumbua baba mbele ya mgeni sikuweza. Yule bwana alisema kiwanja chake hakitoshi mawili, akashukuru kwa adabu, akaenda zake.

Wiki iliyofuata wakaja mafundi na mitungi ya gesi, wakayakata. Nilikwenda kuangalia, baba hakwenda. Niliporudi nilimkuta amekaa kibarazani na koti lake la kazi, kana kwamba anasubiri kuitwa.

"Kwa nini ulimdanganya, baba?"

"Nilidhani atachukua yote."

"Ungemwambia ukweli baadaye."

"Nilitaka. Kila siku nilisema kesho nitamfuata. Nikaona aibu."

Wiki ile nzima kabla ya mafundi kuja, mimi nami nilipita mbele ya duka la yule bwana kila asubuhi nikienda kazini, nikamwona yuko ndani, na sikuingia.