Tamali na Mkono wa Kushoto

Kuna siku moja ya Makambako, mwanangu, ambayo naikumbuka hata nisipotaka. Na kwa kuwa Jumamosi hii unakwenda kuchagua wachezaji wa mpira wa kikapu, kaa nikusimulie, ingawa hainipi sifa yoyote.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mwalimu wa michezo mwenye filimbi mpya shingoni na majivuno mengi kichwani. Nilitumwa kuchagua wasichana wa timu ya mkoa. Waliochaguliwa wangesomeshwa bure katika shule moja ya Dar es Salaam, kwa hiyo usidhani wazazi waliwaleta watoto kucheza tu. Uwanja ulikuwa wa saruji, karibu na reli, na madereva wa malori ya mbao walisimama kutazama.

Kutoka Makete, mbele ya Tandala, alikuja binti mrefu, mpole, jina lake Tamali, pamoja na mwalimu wake, Mzee Sanga. Nilimpa mpira, nikamwekea mlinzi, nikamwambia apenye hadi kwenye ringi. Alidunda mpira chini mno, macho sakafuni, na kila mara alipita kulia. Nikamfungia kulia. Nikamwamuru apite kushoto, akasita, mpira ukamponyoka. Mara tatu. Nikaandika kwa wino: hawezi kumiliki mpira, mkono wa kushoto hana. Nilijiona fundi kweli kweli.

Majina yaliposomwa, la Tamali halikuwamo, na Mzee Sanga akanijia taratibu.

“Mwalimu, uwanja wetu umewahi kuuona?”

“Bado, mzee.”

“Ni wa udongo, una mawe. Usipotazama chini, mpira unakuruka. Na kushoto kuna korongo. Mpira ukiingia huko, kipindi kimekwisha, tunautafuta mpaka jioni. Mimi ndiye niliyewakataza kwenda kushoto. Huyu ni mtiifu tu, mwalimu. Mwache aizoee saruji siku mbili, halafu umpime.”

Mwanangu, nilimwelewa. Hilo ndilo linaloniuma. Nilimwelewa palepale, orodha ikiwa bado mkononi mwangu na kalamu mfukoni. Lakini walimu wenzangu walikuwa wananitazama, nikaona aibu kukata maandishi yangu mwenyewe.

“Orodha imeshafungwa, mzee,” nikasema. Uongo mtupu. Tamali akanishukuru, ndiyo, alinishukuru, wakapanda lori la viazi kurudi kwao.

Shule ya Tamali iliishia hapo. Mwaka jana nilimkuta sokoni Njombe akiuza viazi, mama mtu mzima sasa. Akaniamkia kwa heshima zote. Alikuwa na binti yake, mrefu vilevile, nikauliza kama anacheza kikapu.

“Hapana, mwalimu. Nimemkataza. Mikono yetu si ya mpira. Si wewe mwenyewe uliniona?”

Nikamweleza yote, pale pale kati ya magunia: korongo, maneno ya Mzee Sanga, orodha, uongo wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu kwa huruma, kama anayembembeleza mgonjwa.

“Unanifariji tu, mwalimu,” akasema, akageuka kumhudumia mteja. Hakuniamini hata neno moja.

Basi Jumamosi, ukimwona mtoto anainamisha macho au anakimbilia upande mmoja, usiandike kwanza. Muulize kajifunzia wapi, mpe muda auzoee uwanja wako. Na ukigundua umekosea, futa mbele ya watu wote, siku hiyohiyo, hata kama aibu itakuua. Ukichelewa, mtoto atayaamini uliyoyaandika, na hutakuwa na la kumwambia likamwingia. Mimi nimejaribu, nimeshindwa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho yanayoona na mkono usioona haya kujisahihisha, na akuepushe kuzeeka ukiwa na mtoto wa mwenzio moyoni usiyeweza kumrudishia chochote.