Muriuki Ajifunza Kunyamaza

Mwalimu Muriuki alikuwa na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto Tana akageuka. Alitoka Meru akiwa kijana, akapangiwa kazi ya kufundisha takwimu katika chuo kikuu kimoja mjini Garissa. Wenzake wa bara waliofika pamoja naye walikuwa wakiomba uhamisho kila muhula ukiisha. Yeye alinunua feni kubwa ya kusimama, akazoea chai ya maziwa ya ngamia, akabaki.

Alipenda somo lake kama mtu anavyopenda mke wa ujana wake. Hakubeba karatasi darasani, maana kila kitu kilikuwa kichwani. Aliujaza ubao kwa mwandiko mzuri kuanzia pembe hadi pembe, kisha akageuka, jasho likimtiririka, na kuuliza, "Mnaelewa?"

"Ndiyo, mwalimu!"

Basi anafuta ubao, anaendelea. Wanafunzi walimpa jina la Redio. Siku moja alilisikia, akalifurahia sana, akidhani wanaisifu sauti yake.

Hakuna aliyempenda kama Ruqiya Aden. Ruqiya aliwahi kuwa mwanafunzi wake. Katikati ya masomo mama yake aliugua, naye akarudi kwao Ijara kuwatunza wadogo zake. Mama akapona, lakini baba hakuona tena sababu ya binti kurudi chuoni. Muriuki alipouliza habari zake na kuambiwa, alifunga safari. Alidandia lori la mizigo lililokuwa likienda Ijara. Ilikuwa majira ya mvua, lori likakwama njiani, abiria wote wakashuka kusukuma. Alifika nyumbani kwa kina Ruqiya viatu mkononi na tope mpaka magotini.

Mzee Aden alimtazama kuanzia juu hadi chini. "Karibu, maalim. Keti, bumzika. Wewe umetoka Garissa mbaka hapa sababu ya msichana moja?"

"Mzee wangu," Muriuki akajibu, "ningekuja hata kwa nusu yake."

Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Wakala, wakanywa, wakazungumza habari za mifugo na barabara, na neno la chuo halikutajwa tena. Asubuhi lori lilipogeuza, Ruqiya alikuwa amekaa juu ya magunia, mkoba wake mapajani.

Ndiyo maana aliporudi baadaye katika idara ile ile akiwa mhadhiri, aliendelea kumwita Muriuki "Mwalimu", wakati wengine walimwita kwa jina lake tu. Na ndiyo maana kazi aliyopewa mwaka huo ilimkaa vibaya.

Chuo kilikuwa kimeamua kwamba wahadhiri wakutane kuzungumza juu ya ufundishaji wao. Kila Jumatano baada ya swala ya alasiri wangekaa pamoja, wanywe chai, waelezane kinachowashinda darasani. Zaidi ya hayo, mmoja angeingia darasa la mwenzake, akae nyuma, kisha waongee wawili. Kusimamia mazungumzo hayo akapewa Ruqiya kwa kuwa alikuwa mgeni kazini na hakujua namna ya kukataa.

Wahadhiri walilipokea jambo hilo kama mtu mzima anayeambiwa akanawe uso. "Tufundishwe kufundisha?" wakaulizana. Jumatano ya kwanza walikuja wachache, na Muriuki alikuwa wa mbele kabisa, amebeba mfuko wa mandazi ya moto. Alikaa karibu na Ruqiya, akaitikia kwa kichwa kila alichosema, akapiga makofi mwishoni. Kisha akarudi darasani kwake akafundisha vile vile.

Matokeo ya takwimu yalipotoka mabaya tena, mkuu wa idara alimwita Ruqiya, akamwomba kwa upole aanze na darasa la Muriuki.

Ruqiya alikaa nyuma siku hiyo, ukutani. Joto lilikuwa limewabana. Muriuki alikuwa akieleza mtawanyiko, yaani jinsi namba zinavyokaa mbali au karibu na wastani wake, na Ruqiya akajikuta anatabasamu kwa jinsi yule mzee alivyokuwa akicheza na chaki. Kisha akaacha kumtazama yeye, akawatazama wanafunzi. Walikuwa wakinakili. Vichwa chini, vichwa juu, vichwa chini. Mbele kabisa binti mmoja aitwaye Sadiyo aliinua mkono mpaka usawa wa sikio, akaushusha akajifanya anarekebisha mtandio.

"Mnaelewa?"

"Ndiyo, mwalimu!" Na sauti ya Sadiyo ilipita zote.

Jioni Muriuki alikuja ofisini kwa Ruqiya, akavuta kiti, akajimiminia chai. "Haya, sema."

"Mwalimu, somo lilikuwa zuri. Mwandiko wako, mpangilio wako..."

"Ruqiya." Akakiweka kikombe mezani. "Mimi nilisukuma lori kwenye tope kwa ajili yako. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Sema."

Ruqiya akashusha pumzi. "Umeuliza 'mnaelewa' tena na tena, na kila mara umefuta ubao kabla mtu hajameza mate. Sadiyo aliinua mkono, hukumwona. Nilimfuata nje, nikamwuliza. Anasema alipotea tangu mwanzo wa muhula."

"Sadiyo? Yule anayeitikia kwa nguvu kuliko wote?"

"Huyo huyo."

"Sasa kwa nini aseme ndiyo?"

"Kwa sababu kwetu, mtu mzima akimaliza kusema akakuuliza kama umeelewa, huwezi kumwambia amesema bure. Ni kumvunjia heshima." Akasita, halafu akaona afadhali amalize. "Hata mimi, Mwalimu, nilikuwa nikisema ndiyo. Halafu narudi hosteli naanza upya peke yangu."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Muriuki aliisukuma chai yake kando. Kisha akainuka, akarudisha kiti mahali pake kwa uangalifu, akatoka.

Jumatano iliyofuata hakuja. Mandazi hayakuwapo, na wachache waliohudhuria walizungumza juu ya umeme unaokatika. Ruqiya alimwona kwa mbali akivuka uwanja, mwavuli wa jua begani, akageukia njia ya maktaba ili wasikutane. Moyo ukamwuma. Alijilaumu kwamba angeweza kuyasema yale kwa namna nyingine, au angemwacha mzee wa watu astaafu na amani yake. Mara mbili alifika mlangoni pa ofisi ya Muriuki, akasimama, akarudi.

Siku moja yeye mwenyewe alikuwa akifundisha. Aligeuka kutoka ubaoni, akamwona Muriuki ameketi safu ya nyuma, amejibana ndani ya kiti cha mwanafunzi, magoti yamegusa meza. Ruqiya aliendelea kama aliye kwenye mtihani. Alifundisha kwa bidii zake zote, na kipindi kilipokwisha wanafunzi wakatoka, wakabaki wawili.

"Umefundisha vizuri," Muriuki akasema. "Sikupaki mafuta. Ila nikuulize, unajua unasema nini kila ukimaliza jambo?"

"Nasema nini?"

"Unasema, 'Tuko pamoja?' Kisha, kabla hawajafungua midomo, unajijibu mwenyewe, 'Sawa, twende.'"

"Mimi? Hapana, Mwalimu."

"Wewe. Tena unafuta ubao kwa mkono wa kushoto huku unasema, kama mimi kabisa." Akainuka kwa taabu kutoka kwenye kile kiti. "Mtoto wa nyoka ni nyoka, Ruqiya. Nilikuja hapa na hasira yangu, nilitaka nione huyo anayenisema anafundishaje. Nimejiona mwenyewe nimevaa buibui."

Ruqiya alijaribu kujizuia, akashindwa. Walicheka wote wawili, mpaka msimamizi wa majengo akachungulia dirishani kuona kuna nini.

"Sasa tufanyeje, sisi wawili?" Muriuki akauliza akifuta macho. "Na usiniletee vitabu. Mimi ni samaki mkavu, ukinikunja kwa nguvu navunjika."

"Tuanze na jambo moja. Lile swali tuliache kabisa. Tuwape tatizo, kila mtu amweleze jirani yake anavyoliona. Sisi tunyamaze."

"Waelezane kwa lugha gani?"

"Yoyote itakayowatoka."

Muriuki akakunja uso. "Kisomali changu mimi ni cha kununua nyama."

"Wewe utanyamaza tu, Mwalimu. Kunyamaza hakuna lugha."

Ikaonekana kwamba kunyamaza ndiko kulikokuwa kugumu kuliko takwimu zote. Mara ya kwanza aliwapa wanafunzi tatizo, akakunja mikono, akatazama dari, na kabla feni haijazunguka vizuri akaropoka jibu lote. Ruqiya, aliyekuwa nyuma, akafunika uso kwa viganja. Mara ya pili aliingia darasani na tende mfukoni, Ruqiya akiwa nyuma tena. Alipomaliza kuuliza, akaitia mdomoni, akaila polepole, halafu akabaki na kokwa, analihamisha kutoka shavu hili hadi lile. Akijisikia kusema, anazuiwa na kokwa.

Mwanzoni palikuwa na kimya cha kuogofya. Wanafunzi walitazamana, wakamtazama yeye, wakadhani mzee ameugua. Kisha mmoja akamnong'oneza mwenzake. Mwingine akabisha. Punde darasa zima likawaka kwa Kisomali, kila mtu akiongea, mikono hewani.

Muriuki alisimama katikati yao, kokwa mdomoni, haambulii kitu. Alimwona Sadiyo amegeuka nyuma kabisa anabishana na kijana aitwaye Hanad. Katika mvua ile ya maneno alinasa neno moja tu alilolijua, roob, naye alilijua kwa sababu hakuna anayeishi Garissa asilijue neno la mvua. Mvua imeingiaje katika mtawanyiko? Alisubiri. Hakuwahi kusubiri namna ile maishani mwake. Mwisho akalitoa kokwa, akalishika mkononi.

"Sadiyo, mvua imetoka wapi?"

Binti aliinuka. "Mwalimu, Hanad anasema wastani ikiwa sawa, basi mambo ni sawa tu. Mimi nasema hapana. Kwetu Hadado mwaka moja mvua ilinyesha kidogo kidogo, mbuzi wakala, wakanenepa. Mwaka ingine ikanyesha yote siku mbili, ikabeba mbuzi, halafu jua. Ukipiga hesabu, wastani ni sawa. Lakini sisi hatukuwa sawa."

Muriuki alilitia kokwa mfukoni. Miaka yote alikuwa akieleza jambo lile kwa alama za mtihani za darasa la kubuni. "Na hiyo tofauti ya miaka miwili," akauliza taratibu, "tungetaka kuiandika kwa namba, tungeipimaje?"

Wakaanza upya. Hanad alipendekeza njia ambayo haikuwa sahihi, mwingine akaonyesha kwa nini, wa tatu akakaribia. Muda ulikwisha na ubao haujajaa hata robo.

Nje, chini ya kivuli cha jengo, alimsubiri Ruqiya. "Umeniona nilivyokuwa?" akasema. "Nimesimama darasani kwangu sielewi hata neno, na bado nilikuwa naitikia kwa kichwa. Ndivyo mlivyokuwa mkikaa mbele yangu?"

"Ndivyo hivyo, Mwalimu."

"Na hamkunipiga mawe." Akatikisa kichwa. "Wazazi wenu waliwalea vizuri."

Nisiseme kwamba mambo yalinyooka tangu siku hiyo. Wanafunzi wengine walilalamika kwamba mwalimu amekuwa mvivu, anakula tende badala ya kufundisha. Alibaki nyuma ya ratiba, akalazimika kuongeza vipindi Jumamosi. Zilikuwapo siku ambazo sauti ilimshinda, akajaza ubao kama zamani, akatoka ameinamisha kichwa, na Ruqiya alimpokea kwa chai bila kumwuliza. Matokeo ya mwisho wa muhula yalipanda, si kwa maajabu, lakini yalipanda. Sadiyo alifaulu vizuri. Hanad alianguka, akarudia somo, na ingawa angeweza kwenda kwa mhadhiri mwingine, aliomba kurudia kwa Muriuki.

Mzee Aden alipofika mjini kuuza mbuzi, alipita chuoni kumsalimu rafiki yake wa lori. Ruqiya aliwakuta ofisini, baba yake anamfundisha Muriuki kusema "fafanua tena" kwa Kisomali, na Muriuki anairudia vibaya, kwa sauti ile ile, korido nzima inasikia.

Jumatano zikaanza kujaa. Muriuki hakuacha mandazi, lakini sasa hakuitikia kila kitu. Aliuliza, alibisha, alisimulia aibu zake mwenyewe bila kuzipunguza, na wengine wakiona mkongwe kama yule anajicheka, wakapata moyo wa kutoa zao.

Jumatano moja aliingia Abdisamad, mhadhiri wa uchumi, ambaye darasa lake lilipakana na la Muriuki. Hakuwa amewahi kuhudhuria. Alisimama mlangoni, amekasirika.

"Mimi sikuja kwa mazungumzo," akasema. "Nimekuja kushtaki. Bwana Muriuki, wanafunzi wako wanapiga kelele, wangu wananisikia kwa shida. Zamani nilikuwa nasikia sauti yako peke yako, ilikuwa nafuu."

Watu wakageuka. Ruqiya akamtazama Muriuki, akidhani atajibu kwa ukali. Mzee akasogea kwenye benchi, akapangusa nafasi kwa kiganja.

"Una haki," akasema. "Lakini chai haijapoa. Keti kwanza, utuambie, hao wanafunzi wako walioshindwa kukusikia, walikuambia wao wenyewe?"

Abdisamad alisimama kidogo akifikiri, akatazama nafasi ile, kisha akaingia akaketi.