Mama Hakusema Chuki

Siku za kazi Roselyne alikuwa fundi wa nguo mjini Bungoma. Jumapili alikuwa mtafsiri kanisani kwao Bumula: mchungaji akihubiri kwa Kiswahili, yeye huwapa akina mama wazee maneno yaleyale kwa Kibukusu. Kazi hiyo ya pili hakuwahi kuiona ngumu mpaka kaka yake Mukhwana alipofariki.

Mukhwana alikuwa amehamia Kwanza, upande wa Kitale, akilima mahindi na mkewe Rahab, mzaliwa wa familia ya Wakikuyu waliokaa huko miaka mingi. Alipougua, alimwomba mkewe amzike palepale shambani. Alipokufa, Rahab akasikia kwamba shemeji zake wanakuja kuchukua mwili. Akaogopa, akazika asubuhi. Gari la Bumula lilifika mchana, udongo ukiwa bado mbichi. Wakhungu, kifungua mimba wa nyumba ya akina Roselyne, akamwamuru dereva ageuze. Mama yao mzazi alikuwa ndani ya gari. Hakushuka.

Tangu hapo mama akawa hali chakula vizuri, na kila mtu alikuwa na jina lake la kile kilichomsumbua. Wakhungu alisema ni chuki. Mchungaji alisema ni kinyongo, akakiombea madhabahuni kiondoke. Mama mwenyewe, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu, alitumia neno moja la Kibukusu, lile ambalo watu hulitumia kwa dawa ya mizizi na kwa mboga ya managu iliyopikwa bila maziwa. Kwa Kiswahili ni uchungu. Roselyne aliona jinsi neno hilo lilivyogeuzwa likipita mdomo hadi mdomo. Lilipofika Kwanza lilikuwa limeshakuwa habari kwamba mama mkwe anamchukia Rahab, na Rahab akaacha kupiga simu.

"Nitakupeleka kwake," Roselyne alimwambia mama yake.

Wakhungu alipinga. Alipoona dada yake harudi nyuma, akasema basi yeye ndiye ataongea, kwa kuwa ndiye mkubwa.

Rahab aliwapokea sebuleni, akawawekea chai, kisha akakaa karibu na mlango. Mama aliongea polepole kwa Kibukusu, ambacho Rahab hakukielewa, macho kwenye kikombe. Alipomaliza, Wakhungu akakohoa.

"Mama anasema ako na chuki na wewe. Ati hawezi kusahau vile ulimfanyia."

Rahab akasimama. "Sawa. Nimesikia. Mkimaliza chai mnaweza kwenda."

"Hapana," Roselyne akasema. "Mama hakusema chuki."

Wakhungu akamgeukia. "Unaniita mwongo kwa nyumba ya watu?"

"Umekosea neno. Amesema uchungu. Ni mtoto wake, na hakumwona uso kabla ya kufunikwa."

"Uchungu, chuki, kinyongo, si ni kitu moja?"

"Si kitu moja. Mtu wa kinyongo angekaa kwake akingoja huyu apatwe na mabaya. Mama amekuja."

Kisha akamuuliza mama yake, kwa Kibukusu, kama ana hasira pia. Mama akajibu bila kusita. Roselyne alitamani kulimeza jibu hilo, lakini akaona akilimeza atakuwa amefanya kama kaka yake.

"Hasira pia ako nayo," akamwambia Rahab. "Anasema uliharakisha kumzika mtoto wake. Hiyo siwezi kukuficha."

Rahab akakaa tena. Chuki hakuwa na la kuijibu, hasira angeweza.

"Mwambie niliogopa. Mukhwana aliniomba, singeweza kumvunjia neno. Lakini ningengoja Mama afike. Hapo nilikosa."

Mama alisikiliza tafsiri, akauliza jambo moja tu: mwanawe alisema nini mwishoni.

"Alikuwa anaitisha maji," Rahab akasema. "Ulimi ulikuwa mzito. Mayi, mayi, hivyo tu. Nikimpa anageuza uso."

Mama hakungoja kutafsiriwa. Aliweka kiganja mdomoni.

"Mayi ni mama," Roselyne akamwambia Rahab. "Kwetu, mayi ni mama. Alikuwa anamwita."

Wakhungu akatoka nje. Rahab alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake, wakalia pamoja, kisha akamshika mkono wakaenda kaburini.

Mama alibaki Kwanza mpaka mahindi yakavunwa. Kuna asubuhi alizokataa kuitikia salamu ya Rahab, na Rahab akamwekea uji hivyohivyo. Wakhungu alirudi Bumula peke yake na akawa hamsemeshi dada yake.

Jumapili ya kwanza baada ya safari hiyo, mchungaji alimuuliza Roselyne kama kile kinyongo kimeondoka.

"Hakikuwepo," akamjibu. "Na ulikitangaza mbele ya watu. Naomba useme hivyo palepale."

Mchungaji akamtazama, akaona hana mpango wa kusogea. Akapanda madhabahuni akasema kwamba kinyongo hakikuwepo. Roselyne akatafsiri neno kwa neno.